Mgonjwa wa figo: Mishipa ya damu yaweza kuunganishwa bila kisu

Mgonjwa anapoambiwa na daktari kwamba figo zake zimeshindwa na kwamba sharti damu yake iwe ikisafishwa kwa mashine, jamaa zake huuliza mambo mawili upesi. La kwanza ni gharama. La pili ni hospitali gani iliyo na mashine, na foleni yake ni ndefu kiasi gani. Ni wachache mno wanaouliza jambo la tatu, ambalo kwa maoni yangu lastahili kuulizwa mapema kuliko yote: je, damu hiyo itatoka mwilini na kurudi kupitia mlango gani?

Huenda ukadhani ni swali la madaktari peke yao. Sivyo. Kuna wagonjwa wanaopoteza maisha ilhali mashine ipo na ada imelipwa, kwa sababu mlango uliotumiwa ulioza, uliziba au uliingiza viini mwilini. Na mlango ulio bora hauwezi kutengenezwa siku ile mgonjwa anapoletwa hospitalini akiwa hoi. Huhitaji wiki kadhaa, na pengine miezi. Makala haya yataeleza jinsi mlango huo unavyotengenezwa, yaani jinsi mshipa mmoja wa damu unavyounganishwa na mwingine, na jinsi kazi hiyo, ambayo kwa zaidi ya nusu karne ilikuwa ya kisu na uzi, sasa yaweza kufanywa kwa mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa wenyewe.

Mashine yataka damu kiasi gani?

Fanya hesabu hii pamoja nami. Mashine ya kusafisha damu huvuta yapata mililita 300 kila dakika, na pengine zaidi. Hiyo ni sawa na chupa ndogo ya soda kila dakika. Mgonjwa hukaa kwenye mashine kwa saa nne, yaani dakika 240. Kwa hivyo damu inayopita humo ni lita 72. Mtu mzima ana damu ya lita tano hivi tu mwilini, kwa hivyo damu hiyo hiyo huzunguka mashine zaidi ya mara kumi katika kikao kimoja. Kisha mgonjwa arudi tena baada ya siku chache, na tena, mwaka baada ya mwaka.

Sasa tazama mkono wako. Ile mishipa ya kijani unayoiona chini ya ngozi ni vena, mishipa inayorudisha damu moyoni. Ni rahisi kuifikia kwa sindano, na ndiyo muuguzi anayoitafuta akitaka kupima malaria. Lakini damu iliyomo hutambaa polepole na kuta zake ni nyembamba. Mashine ikijaribu kuvuta chupa ya soda kila dakika kutoka humo, mshipa hujifunga kama mrija wa karatasi unaofyonzwa kwa nguvu.

Mishipa ya aina ya pili ni ateri, inayotoa damu moyoni kwa kishindo. Hiyo ina damu tele na nguvu tele. Ndiyo unayoisikia ikipiga unapoweka kidole kifundoni mwa mkono. Lakini aghalabu imejificha ndani zaidi, huuma sana ikidungwa, na kuidunga mara tatu kwa wiki ni kujitakia hatari ya kuvuja damu na kuiharibu, mkono ukakosa chakula.

Kwa ufupi, vena yafikika lakini ni dhaifu, nayo ateri ina nguvu lakini haifikiki. Suluhisho ni kuziunganisha. Tundu dogo likifunguliwa kati ya ateri na vena iliyo jirani, damu yenye kishindo huingia katika vena. Kwa muda wa wiki kadhaa vena hiyo hupanuka na ukuta wake huwa mnene na mgumu, hata iweze kudungwa kwa sindano kubwa mara mia kadhaa bila kuharibika. Ukiweka mkono juu yake wasikia mtetemo kama wa paka anayekoroma.

Kiungo hicho madaktari hukiita fistula, na hapa yafaa tusimame kidogo. Neno hilo wengi wetu tumelisikia kuhusu akina mama waliopata jeraha la nasuri wakati wa kujifungua, wakabaki wakivuja mkojo. Kwa hivyo mzee akiambiwa kliniki kwamba atawekwa fistula, yeye hushtuka na bibi yake huona haya. Hakuna uhusiano wowote kati ya mambo hayo mawili isipokuwa jina. Fistula ni neno la Kilatini lenye maana ya mrija, na madaktari hulitumia kwa njia yoyote inayounganisha sehemu mbili za mwili ambazo kwa kawaida hazikuungana. Ile ya uzazi ni jeraha. Hii ya mkononi hutengenezwa kwa makusudi, na ni mali ya mgonjwa kuliko hata kitabu chake cha benki.

Kutoka uzi wa hariri hadi New York

Kuunganisha mishipa ya damu hakukuwezekana zamani. Mnamo Juni mwaka wa 1894 Rais Sadi Carnot wa Ufaransa alidungwa kisu katika mji wa Lyon, na vena kubwa iendayo kwenye ini ikakatwa. Madaktari walimfungua tumbo lakini hawakujua namna ya kushona mshipa uliokatika, naye akafa. Mmoja wa wanafunzi wa udaktari katika mji huo alikuwa kijana Alexis Carrel, ambaye aliona kwamba rais angeweza kuokolewa kama ufundi wa kushona mishipa ungekuwapo. Lyon ulikuwa mji wa hariri. Carrel alikwenda kujifunza kushona kutoka kwa fundi wa kutarizi, mwanamke aitwaye Leroudier, akatumia sindano na nyuzi laini kupindukia. Mwaka wa 1902 alichapisha njia yake: nyuzi tatu huwekwa kuzunguka mdomo wa mshipa na kuvutwa, mdomo wa duara ukawa pembetatu, na pembetatu ni rahisi kushona kuliko duara. Mwaka wa 1912 alipewa Tuzo ya Nobel. Hadi leo daktari mpasuaji anayeshona mshipa wa moyo au wa figo anafuata nyayo za fundi yule wa kutarizi.

Mashine ya kusafisha damu ilikuja baadaye. Willem Kolff wa Uholanzi aliitengeneza mwaka wa 1943, nchi yake ikiwa chini ya Wajerumani. Lakini kila mara mgonjwa aliposafishwa damu, ilibidi mshipa mwingine ukatwe na mrija wa kioo uingizwe. Mishipa ikiisha, matibabu yamekwisha. Mwaka wa 1960 Belding Scribner wa Seattle, Marekani, alibuni mirija miwili ya tefloni, mmoja katika ateri na wa pili katika vena, ambayo hubaki mkononi na kuunganishwa nje ya ngozi kila baada ya matibabu. Mgonjwa wake wa kwanza, Clyde Shields, aliishi miaka 11 zaidi. Hata hivyo mirija hiyo iliyochomoza nje ya ngozi iliziba na kuingiwa na viini mara kwa mara.

Jibu lililodumu lilitoka katika hospitali ya wanajeshi wastaafu mtaani Bronx, New York. Madaktari walijua tangu karne ya 18, tangu William Hunter wa Uingereza alipolieleza, kwamba kisu kikipenya vena na ateri zilizo pamoja, mara nyingine hupona zikiwa zimeungana, na vena hiyo huvimba. James Cimino na Michael Brescia waliona kwamba kile kilichohesabiwa kuwa ajali chaweza kuwa dawa. Mwenzao Kenneth Appell, aliyekuwa mpasuaji, akaunganisha ateri na vena kifundoni mwa mkono, chini ya ngozi, bila mrija wa aina yoyote. Habari zao zilichapishwa mwaka wa 1966. Hiyo ndiyo fistula ambayo mgonjwa wa Nairobi, Mombasa au Eldoret hufanyiwa leo.

Upasuaji wenyewe si mkubwa kama watu wanavyohofia. Mgonjwa hudungwa sindano ya ganzi mkononi, wala si lazima apewe nusukaputi. Ngozi hupasuliwa sentimita chache kifundoni au kwenye kiwiko, vena hukatwa na kuvutwa karibu na ateri, kisha hushonwa pamoja kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Aghalabu kazi huchukua saa moja hivi au zaidi kidogo, na mgonjwa huweza kwenda nyumbani siku hiyo.

Kasoro ni moja, nayo ni kubwa. Kufanya upasuaji ni jambo moja, na fistula kukomaa ni jambo lingine. Madaktari wengi hutumia kanuni ya sita: baada ya wiki sita, damu ipite angalau mililita 600 kwa dakika, mshipa uwe na upana wa milimita sita, na usiwe chini ya ngozi kwa zaidi ya milimita sita. Fistula nyingi haziufikii upeo huo. Katika uchunguzi uliohusu wagonjwa zaidi ya 870 nchini Marekani, uliochapishwa mwaka wa 2008, kama asilimia 60 ya fistula mpya hazikufaa kutumiwa kama ilivyotarajiwa. Wagonjwa hao walipasuliwa, wakangoja, na bado wakabaki na mrija shingoni.

Kwa nini hushindwa? Sababu ni kadha wa kadha: mishipa iliyokauka kwa kisukari, umri, uvutaji wa sigara, vena zilizoharibiwa kwa sindano nyingi. Lakini sababu mojawapo ni upasuaji wenyewe. Ili vena ifikishwe kwenye ateri, hubidi ing'olewe mahali pake, ipindwe, ibanwe na kuvutwa. Mshipa wa damu si uzi wa umeme. Ni nyama hai. Ukisumbuliwa hujenga kovu ndani, na kovu hilo huota pale pale karibu na kiungo, likabana njia.

Ndipo watu wakaanza kufikiri: je, mishipa haiwezi kuungana pale pale ilipolala, bila kuguswa kutoka nje?

Mrija unaosafiri ndani ya mshipa

Ufundi wa kupitisha mrija, au katheta, ndani ya mishipa una historia yake ya ajabu. Mwaka wa 1929 daktari kijana wa Ujerumani, Werner Forssmann, alijipenyezea mrija mkononi mwake mwenyewe hadi moyoni, kisha akaenda kupigwa picha ya eksirei kuthibitisha ulipofika. Alikemewa, na miaka 27 baadaye akapewa Nobel. Mwaka wa 1953 Sven Seldinger wa Uswidi alionyesha njia salama: sindano huingia kwanza, waya laini hupitishwa ndani ya sindano, sindano hutolewa, kisha katheta hufuata waya kama garimoshi lifuatavyo reli. Mwaka wa 1964 Charles Dotter wa Marekani akatumia katheta kuzibua ateri ya mguu wa bibi mmoja aliyekuwa karibu kukatwa mguu. Na mwaka wa 1988, mjini Freiburg, Ujerumani, madaktari walipitia mshipa wa shingo hadi ndani ya ini wakaunganisha vena mbili humo kwa kibomba cha wavu wa chuma, mgonjwa akiwa hajapasuliwa tumbo. Kuunganisha mishipa kwa katheta kukawa jambo lililowezekana.

Kwa wagonjwa wa figo, siri iko katika kiwiko. Chini ya kiwiko, ndani ya nyama, ateri na vena za ndani hulala ubavu kwa ubavu kama mabomba mawili ya maji yaliyopitishwa katika ukuta mmoja. Mahali pengine umbali kati yao haufiki milimita mbili. Tena kuna vena fupi inayopanda kutoka ndani na kuungana na vena za juu, zile unazoziona chini ya ngozi. Ukifungua tundu huko chini, damu ya ateri itaingia katika vena ya ndani, ipande kwa ngazi hiyo na kujaza vena za juu ambako sindano za mashine zitadungwa. Hakuna mshipa uliohamishwa.

Mwezi Juni mwaka wa 2018 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa iliruhusu vifaa viwili vya kazi hii. Vyote viwili hufika mahali pamoja, lakini kwa njia tofauti.

Cha kwanza huitwa Ellipsys. Mkono hutiwa ganzi. Daktari akitazama kwenye kioo cha ultrasaundi, ile mashine ambayo akina mama wajawazito waijua sana, hudunga sindano katika vena ya kiwiko, huiteremsha kupitia ngazi niliyoitaja, na kutoboa ateri iliyo chini yake. Waya hupita, na katheta hufuata. Ncha ya katheta ina taya mbili: moja hukaa ndani ya ateri na nyingine hubaki ndani ya vena. Daktari huzifunga polepole hadi kuta za mishipa hiyo miwili zibanwe pamoja, kisha joto hupitishwa. Kuta huungua kidogo na kushikana, na katikati yake hubaki tundu. Umeona pakiti ya maziwa inavyofungwa mdomo kiwandani bila gundi wala uzi? Ni joto na mkandamizo. Ndivyo ilivyo hapa. Baadaye puto dogo hupulizwa kwenye kiungo ili kukipanua.

Cha pili huitwa WavelinQ, nacho hutumia katheta mbili. Moja huingizwa katika ateri na ya pili katika vena, na daktari huzifuatisha kwa eksirei hadi zilale sambamba. Ndani ya kila moja mna sumaku. Katheta zinapokaribiana, sumaku huvutana kupitia kuta za mishipa, zikaileta mishipa pamoja. Waya mdogo katika mojawapo hupewa umeme wa mawimbi ya redio, na kufumba na kufumbua hukata mwanya mwembamba kati ya ateri na vena. Kisha aghalabu daktari huziba moja ya vena za ndani kwa kizibo cha waya, ili damu isipotelee huko bali ipande juu inakotakiwa.

Baada ya kazi hizo zote mgonjwa hubaki na tundu la sindano na bandeji ndogo. Hana nyuzi za kutolewa wala kovu.

Je, ni kweli zinafanya kazi?

Majaribio yaliyofanywa kabla ya ruhusa hiyo yalitia moyo. Lile la kifaa cha joto, lililochapishwa mwaka wa 2018, lilihusu wagonjwa 107, na kiungo kilipatikana kwa 95 kati ya kila 100. Lile la sumaku, la mwaka wa 2017, lilipima wagonjwa 60, na kiungo kilipatikana kwa takriban wote. Katika majaribio yote mawili, baada ya miezi mitatu, wagonjwa wapatao 87 kati ya kila 100 walikuwa na mshipa wenye upana na mtiririko wa kutosha.

Usizisome takwimu hizo kwa shangwe, msomaji. Kwanza, wagonjwa hao walichaguliwa. Mtu ambaye ateri yake ina upana usiofika milimita mbili, au mishipa yake imekaa mbalimbali, au ambaye ngazi ya kiwikoni imeziba, hakukubaliwa. Pili, katika jaribio la kifaa cha joto karibu wote walirudishwa kwa utaratibu wa pili wa kupanua kiungo kwa puto au kuziba vena zilizokuwa zikiiba damu. Kwa hivyo anayesema “utafanyiwa mara moja tu” anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Tatu, damu katika fistula ya namna hii mara nyingine hugawanyika katika vena mbili au tatu, na mshipa hauchomozi waziwazi kama ule wa upasuaji. Muuguzi aliyezoea kudunga kwa kupapasa huenda akakosa shabaha. Kitengo kinachotaka kuanza kazi hii hakina budi kumfunza muuguzi, tena kumpa ultrasaundi kando ya kitanda.

Kwa mtazamo wangu, hoja ya nne ndiyo nzito zaidi kwetu. Katheta hizi ni za kutumiwa mara moja na kutupwa, na bei yake si ya mtu wa kawaida. Upasuaji wa Brescia na Cimino wahitaji kisu, uzi, ganzi na mikono iliyofunzwa. Katika nchi ambayo wapasuaji wa mishipa ni wachache na wengi wao wako Nairobi, ningependelea fedha zitumiwe kwanza kufunza mikono zaidi, ili mgonjwa wa Lodwar au Garissa asilazimike kupanda basi usiku kucha kutafuta kushonwa mishipa miwili. Kifaa kipya kina nafasi yake: kwa mgonjwa ambaye mshipa wake wa kifundoni ni mwembamba mno, au ambaye moyo wake hauwezi kustahimili upasuaji mrefu, au ambaye amekataa kisu katakata. Usishangae basi ukiambiwa hakipatikani unakotibiwa, wala usiahirishe fistula ya kawaida ukikisubiri.

Kwa sababu kungoja ndiko kunakoua. Tangu mwaka wa 2015, serikali ilipoanza mpango wa kukodi vifaa vya hospitali, mashine za kusafisha damu zilifika katika kaunti nyingi ambako hazikuwa zimeonekana kamwe. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini mashine hutangulia na mlango hubaki nyuma. Wagonjwa wengi huanza matibabu kwa mrija mkubwa uliotiwa shingoni kwa dharura, kisha wakabaki nao. Mrija huo ni njia wazi kutoka hewani hadi karibu na moyo. Viini vikiupita, mgonjwa hutetemeka kwa homa akiwa kwenye mashine, na viini hivyo vyaweza kukaa katika moyo au mifupa ya mgongo. Tena mrija ukikaa sana hukwaruza vena kubwa za kifua hadi zikabana, na vena hizo zikibana, hata fistula nzuri ikitengenezwa mkononi baadaye, damu haitakuwa na pa kupitia. Mkono utavimba tu.

Ulinde mkono mapema

Kama wewe au mzazi wako mna kisukari au shinikizo la damu, na vipimo vimeonyesha figo zinadhoofika, kuna mambo ya kufanya kabla ya siku ya mashine. Kazi ya figo hupimwa kwa damu na kupewa nambari, ambayo kwa kijana mwenye afya huwa 100 hivi. Inapoendelea kushuka na kukaribia 20, usingoje kuambiwa. Mwulize daktari: nitafanyiwa fistula lini, na nani, na mkono upi?

Aghalabu huchaguliwa mkono usioutumia sana. Kama waandikia wa kulia, basi ni wa kushoto. Tangu siku utakapojua, usikubali muuguzi aweke dripu au kutoa damu katika sehemu yoyote ya mkono huo juu ya kiganja. Mwombe kwa heshima atumie mgongo wa kiganja, au mkono ule mwingine. Wauguzi wengi wataelewa. Asiyeelewa, mwambie: “Mshipa huu nimeuwekea figo.” Kila dripu isiyo ya lazima huacha kovu ndani ya vena, na vena yenye kovu haikomai, iwe imeunganishwa kwa uzi, kwa joto au kwa sumaku.

Kabla ya kuunganishwa, itisha ultrasaundi ya mishipa ya mkono. Kipimo hicho hakina uchungu, na ndicho kitakachoonyesha kama kifundo chafaa au itabidi kwenda kiwikoni. Ukiambiwa utatiwa dawa ya rangi kwa ajili ya eksirei, na figo zako bado zina nguvu kidogo, uliza kama ni lazima, kwa sababu dawa hiyo yaweza kuzidhoofisha zaidi.

Fistula ikishatengenezwa, jifunze kuisikiliza. Kila asubuhi, kabla ya chai, weka vidole juu yake usikie ule mtetemo wa paka. Wengi hupewa mpira laini wa kufinya mara nyingi kwa siku ili mshipa ukue. Usifunge saa wala bangili katika mkono huo, usiulalie, usiutundike kiondo kizito, na usikubali upimwe shinikizo la damu hapo.

Kuna dalili za kukutoa nyumbani. Mtetemo ukipotea, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata iwe Jumapili, kwa kuwa damu iliyoganda yaweza kuondolewa katika saa za mwanzo, na baada ya siku kadhaa mara nyingi huwa haiwezekani. Vidole vikiwa baridi, vikififia rangi au kuuma hasa wakati wa kusafishwa damu, huenda kiungo kinachukua damu iliyokuwa ya kiganja, na daktari aweza kukipunguza. Kukosa pumzi na kuvimba miguu kunakozidi kwaweza kumaanisha damu inayopita ni nyingi kuliko moyo unavyoweza kustahimili. Ngozi ya juu ya mshipa ikiwa nyekundu, ya moto, inayong'aa au yenye kidonda kisichopona, usikubali idungwe hapo mpaka daktari aione.

Na iwapo siku moja mshipa utapasuka na damu kuruka, usitafute taulo kubwa ya kuufunika, kwa kuwa taulo huficha tundu na haiuzibi. Bonyeza kwa kidole kimoja au viwili juu ya tundu lenyewe, kwa kitambaa kidogo safi, inua mkono, lala chini, na mtu aite gari wakati kidole kingali pale pale.